Hawezi

Alikuwa amefika katikati ya msuko wa pili, na kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kukaza, pale binti yake aliposimama mlangoni na kumwuliza anafanya nini. Swali lenyewe halikuhitaji jibu. Vipande vya shuka kuukuu vilikuwa vimefungwa kwenye nondo za dirisha, vitatu vitatu, na mama alikuwa ameketi mbele yake akivisuka kutoka juu kushuka chini, akivuta, akilegeza, akivuta tena, kana kwamba dirisha lilikuwa na kichwa na kichwa hicho kinasubiriwa harusini.

"Naangalia kama mikono bado ipo," akasema bila kugeuka.

"Mikono ipo, mama. Si hiyo hapo."

"Wewe unaiona tu. Mimi ndiye ninayeitumia."

Wateja wake walimwita Mwepesi, kwa kufupisha Mkono Mwepesi, maana alisuka kichwa kizima bila mtu kukunja uso. Wapo wasusi waliovuta nywele mpaka nyusi za mteja zikapanda kama za mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa. Yeye alikaza panapotaka kukazwa na kuachia panapouma, na wateja wengine walisinzia kati ya magoti yake mpaka akawa anawashika kidevu wasianguke. Lakini tangu ugonjwa uingie mjini hakuwa amegusa kichwa cha mtu. Alikuwa na pumu ya tangu utotoni, na umri wake ulikuwa ule ambao redio iliutaja kila jioni kwa upole mwingi, kama mtu anayekuja kukuarifu kwamba nyumba yako iko kwenye njia ya barabara mpya. Binti yake aliposikia tangazo la kwanza alimhamishia chumba cha nyuma, akamnunulia redio ya peke yake, na mambo yakaishia hapo.

Binti alikuwa dobi wa hospitali. Wagonjwa wenyewe hakuwaona. Aliona shuka zao, na kwa shuka alijua wodi ipi imejaa na ipi imepungua, na imepungua kwa heri au kwa shari. Jioni aliporudi alivua nguo uani na kuoga kabla ya kusalimia mtu. Alikula peke yake kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na akitaka kuzungumza na mama yake alisimama kizingitini, barakoa usoni, kama alivyosimama sasa. Hakuwahi kukosa hata jioni moja. Mama alijua kwamba huo ni upendo. Alijua pia kwamba muda wote huo hakuna mtu aliyemgusa, hata kwa kumpamia kwa bahati mbaya.

"Jumatatu nakwenda barazani kusuka," Mwepesi akasema.

Binti alikuwa ameitarajia siku hiyo, na maneno yake yalikuwa tayari. Kufunguliwa tena kwa biashara, kulikotangazwa redioni, hakukuwa na maana kwamba ugonjwa umefunga virago. Waliofungua walikuwa wakubwa wa ofisini, na wao wakiugua kuna magari ya kuwapeleka. Mama hakubisha hata moja. Badala yake alimweleza, taratibu, akiendelea kusuka, jinsi alivyokuwa ameyapima mambo. Atachukua kichwa kimoja kwa siku, basi. Atakaa nje, mwisho kabisa wa baraza, pale upepo unapopenya kati ya majengo mawili, mahali ambapo wasusi wote walipakimbia kwa sababu ya vumbi. Anayekohoa hamgusi, hata awe nani. Tena msusi hukaa nyuma ya mtu, wala hawatazamani. Kinyozi hana bahati hiyo, na daktari wa meno ndiyo usiseme. Upepo ukitoka mgongoni kwake, pumzi ya mteja itakwenda zake mbele, barabarani, ikatafute wengine.

Binti akasema hayo ni mahesabu ya mtu aliyekwisha kuamua jibu. Mama akakubali kwamba ndivyo, kisha akamwuliza kama mahesabu yake yeye yalikuwa tofauti.

Mkwe alikuwa uani akipiga viatu rangi. Alikuwa mlinzi wa benki, na siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuwaelekezea watu kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso kabla hawajaingia. Aliona mazungumzo yameanza kuwa mazito akajaribu kuyasaidia. Alisema jana alijipima mwenyewe na kifaa kikamwambia amekwisha kufa, na meneja akamshauri akakae juani kidogo. Mwepesi akacheka. Binti hakucheka.

"Unakosa nini humu ndani, mama? Niambie. Ukiniambia nitakileta."

Mwepesi aliacha kusuka. "Juzi nilikuomba hela ya vocha. Ukaniuliza nataka kumpigia nani."

"Nilikunyima?"

"Hukuninyima. Uliuliza." Akavuta kipande cha shuka, akakikaza. "Mimi si sahani za wageni, mwanangu, kwamba nikae kabatini nisije nikavunjika."

* * *

Jumatatu mkwe alimbebea kiti. Alitembea mbele na kiti kichwani, sare ya ulinzi imenyooshwa, na Mwepesi akafuata nyuma na mfuko wa vitana na mafuta, barakoa mbili usoni na dawa ya pumu mfukoni. Njia nzima watu walimpa pole. Muuza magazeti alimpa pole akiwa ng'ambo ya barabara. Mwanamke wa duka la vyombo alitoka, akasimama kwenye ngazi, akampa pole, akarudi ndani. Mwepesi alizipokea zote. Ilikuwa haki yake kupewa pole, kwa muda aliokaa ndani. Pole za kufungiwa, alidhani.

Baraza lenyewe lilikuwa la duka la vitambaa lililofungwa miaka mingi, nyuma ya posta. Mwenye jengo aliwaachia wasusi kwa kodi ndogo kuliko kuliacha liwe choo cha wapita njia. Mahali pake pa zamani, katikati, karibu na nguzo, palikuwa pamekaliwa na msusi mwenzake waliyemwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake. Chiriku alisimama haraka kumpisha. Alisimama haraka mno. Mwepesi akamwambia akae tu, yeye anakwenda mwisho.

"Pole sana, mama," Chiriku akasema.

"Nimeshapoa."

Mkwe aliweka kiti, akakitikisa kuona kama kimetulia, akamwuliza amrudie saa ngapi. Mwepesi alimwambia asirudi, hajasahau njia ya kwake. Akabaki peke yake na upepo. Ulikuwa ule ule, ulitoka nyuma kati ya kuta mbili, ukampiga mgongoni na kuelekea barabarani kwa kupitia barazani, na yeye akaridhika kwamba ameupima sawasawa. Akapanga vitana juu ya kitambaa. Akafungua kopo la mafuta, akalifunga.

Asubuhi yote ilipita. Wateja walikuja, baraza halikuwa limejaa kama zamani, lakini walikuja. Waliona kiti chake, wakamwinamishia kichwa, wakaenda kwa wengine. Alijiambia kwamba watu wamezoea wasusi wapya, na kwamba kosa hilo ni lake aliyekaa muda mrefu. Kisha alikuja mwalimu wa chekechea. Mwalimu huyu hakuwahi kusukwa na mkono mwingine tangu alipokuwa msichana. Siku ya harusi yake Mwepesi ndiye aliyemsuka, na alipofiwa na mume Mwepesi ndiye aliyemfumua. Nywele zake sasa zilikuwa zimesimama kila upande. Mwepesi akavuta kiti kidogo na kupanua magoti tayari.

Mwalimu alisimama mbali. Alianza kutoa pole, na pole ile haikuisha. Ilikuwa pole ya kifua, pole ya mateso, pole na Mungu ni mwema, tulikuwa tunakuombea. Alisema angependa sana kukaa, ila leo ana haraka, atakuja siku nyingine, mama apumzike kwanza. Akatoa kwenye mkoba kifuko cha ndimu na tangawizi, akakiweka sakafuni katikati ya njia, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyemwekea paka chakula. Halafu akaenda kukaa kati ya magoti ya Chiriku, akakaa hapo mchana kutwa, na haraka yake.

Mwepesi alikitazama kile kifuko. Hakukiokota.

Jua lilipohamia upande wa pili, Chiriku aliinuka kujinyoosha mgongo. Alitembea mpaka nusu ya njia na kusimama. Mdomo wake ambao siku zote ulitangulia miguu, leo ulichelewa.

"Mama, naomba usikasirike. Hapo ulipokaa, upepo unatoka kwako unakuja kwetu."

"Najua. Ndiyo maana nimepachagua."

Mwanamke mmoja alishusha mikono kutoka kichwani mwa mteja wake. Mwepesi alisikia mwenyewe jinsi jibu lake lilivyotoka, akataka kulieleza, na hapo hapo akaona kwamba hajui anachopaswa kueleza.

"Kwani mimi nina nini?" akauliza.

Wakatazamana. Mwalimu wa chekechea, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, alitazama vidole vya miguu yake.

"Mama, sisi hatukusemi," Chiriku akasema. "Tulimwuliza binti yako mwenyewe. Si mara moja. Kila tukimwuliza anasema huwezi."

Neno lenyewe halikuwa na kosa. Mtu hawezi kuja, hawezi. Mtu ni mgonjwa, hawezi. Na mtu wa pumu ambaye hawezi, ambaye hatoki, ambaye binti yake ni dobi wa hospitali, wakati kama huu, nani atauliza hawezi ipi? Mwepesi alikaa na neno hilo mkononi. Wiki nzima, alipokuwa akisuka dirisha, alikuwa akipima wale watu mmoja mmoja, nani anakohoa, nani ana watoto wadogo, nani mume wake ni utingo wa malori ya masafa marefu. Haikumjia hata siku moja kwamba wao nao wana mizani, na kwamba kwenye mizani yao yeye ndiye jiwe.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo lilimchoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Upepo ule ungeipeleka pumzi ya mteja mbali na yeye, sawa. Lakini pumzi yake yeye ungeipeleka kisogoni kwa mteja. Mahesabu yake yote yalikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Alisimama. Wote walidhani anaondoka, na Mwepesi aliona mabega ya wawili watatu yakishuka kwa nafuu. Akakikamata kiti, akakigeuza upande, upepo upite ubavuni, usimtoke yeye wala usimfuate. Akakaa tena.

"Hapo je?" akamwuliza Chiriku.

"Hapo afadhali," Chiriku akasema, kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Mimi si mgonjwa. Nimesema mara moja, sitasema tena. Nitakuwa hapa mpaka jioni, na kesho nitakuwa hapa."

Hakuna aliyekuja. Alikaa. Mikono aliiweka mapajani, kisha akaipa kitana ikakisafisha. Wasusi wengine walipokunja mikeka yao naye akakunja kitambaa chake, wa mwisho kabisa, na akaondoka akipita katikati yao, si pembeni.

* * *

Binti alikuwa kwenye ngazi ya jikoni akila. Mwepesi hakwenda chumbani. Alisimama uani mbele yake, kwa umbali ule ule wa kila siku.

"Uliwaambia nini wale wanawake?"

Binti alitafuna mpaka akamaliza. "Waliniuliza uko wapi. Nikasema hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi kuja, mama."

"Wao walisikia hivyo?"

Mkwe, aliyekuwa anaosha sufuria, alifunga bomba ili asipoteze neno, kisha akaona aibu akalifungua tena.

Binti aliiweka sahani chini. Alisema mara ya kwanza ilimtoka tu, alikuwa amechoka, alitaka kupita. Mara ya pili aliona jinsi walivyorudi nyuma. Akaelewa walichosikia. Angeweza kukisahihisha kwa maneno mawili, lakini kabla ya hapo walikuwa wanamwambia tutakuja kumtazama, tutakuja na watoto, mama asukie hata nyumbani, na tangu siku ile hakuna aliyetaja kuja.

"Nikawaacha," akasema. "Nilikuwa nahangaika kukuwekea mlango, nikaona mlango umejiweka wenyewe."

"Na mimi niko ndani yake."

"Uko ndani, uko hai." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Unamkumbuka mwenzangu wa pasi? Yule aliyekuwa anaimba. Alipiga pasi Ijumaa, akaniomba nimshikie zamu Jumatatu anajisikia vibaya. Wiki iliyofuata tulizifua shuka zake. Mimi ndiye niliyezifua, mama. Ziliandikwa namba ya kitanda tu, ila tulijua. Sasa wewe uniambie upepo unatoka wapi unakwenda wapi."

Hasira aliyokuja nayo kutoka barazani ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa. Aliburuta ndoo iliyokuwa karibu, akaipindua, akaikalia.

"Naogopa," akasema. "Usidhani siogopi. Usiku nikisikia kifua kinapiga filimbi nakaa kitandani nahesabu nani nilikutana naye, na sikukutana na mtu. Nitaogopa huku na nitaogopa kule. Lakini kule nitaogopa nikiwa na kazi mkononi."

"Na ukifa?"

"Nitakuwa nimekufa. Wewe utalia, na utakuwa na haki." Akavua barakoa ya juu, akabaki na moja. "Ungesema sitaki mama atoke, nisingekulaumu. Lile lingekuwa neno lako, ungelijibia. Hili umelisema wewe, halafu nimelivaa mimi. Leo nimewekewa ndimu sakafuni, binti yangu. Nimewekewa sakafuni na mtu niliyemsuka akaolewa."

Binti alilia bila sauti, na kwa mazoea ya miezi hiyo hakuna aliyesogea kumshika. Mwishowe alijipangusa uso kwa mkono wa blauzi. Akasema kesho ni siku yake ya mapumziko, atakwenda mwenyewe barazani awaambie ukweli.

"Nenda," Mwepesi akasema. "Kajaribu."

* * *

Alijaribu. Alikuja kabla ya adhuhuri, amevaa nguo za kutokea, akasimama mbele ya baraza kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mwepesi alikuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi, ubavu kwa upepo, hana mtu. Binti aliwasalimia wakubwa kwa wadogo, akasema mama yake hajaugua hata siku moja, ni yeye aliyesema vibaya, wamsamehe.

Walimsikiliza kwa heshima. Kisha ikawa kama alivyotarajia mama. Mmoja alisema wamesikia, mwanangu, wala hakuna ubaya. Mwingine alisema ni kawaida mtoto kumficha mzazi. Chiriku, ambaye mdomo wake ulikuwa umepona tangu jana, alimwuliza kwa upole wa kuuma:

"Tukuamini ipi, dada? Ile hawezi, au hii anaweza?"

"Hii."

"Ile nayo ulisema kwa mdomo huo huo." Wengine wakacheka kidogo ndani ya barakoa zao. "Halafu usichukie. Wewe mwenyewe kila siku uko kwenye yale mashuka. Hata ungekuwa mteja wangu leo, ningekuambia nywele zako ni nzuri hivyo hivyo zilivyo."

Alikuwa amezoea kuwaogopa watu kwa niaba ya mama yake, na sasa aliuona uso wake mwenyewe kwenye nyuso zao. Alitembea mpaka mwisho wa baraza. Aliinama kuokota mfuko wa mama yake.

"Twende nyumbani, mama. Nimesema, umesikia. Hawataki. Unakaa hapa kutazamwa kwa sababu gani?"

Mwepesi alimtazama. Nywele za binti yake zilikuwa zimefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa, pale kisogoni, zilikuwa zimechomoza zikiwa kavu, zimejifunga vinundu. Hazikuwa zimeguswa na mtu tangu siku ya tangazo la kwanza. Hakuwa ameliona hilo. Kutoka kizingitini mtu huonekana kwa mbele tu.

"Rudisha mfuko. Kaa."

"Kaa wapi?"

"Pale anapokaa mteja."

Binti alielewa, akarudi nyuma. "Mama, hapana. Wote hawa hapa ukiwapanga foleni, mimi ndiye wa kwanza wa kuogopwa. Umemsikia. Na yeye hajakosea."

"Hajakosea." Mwepesi alikuwa amekwisha kufungua kopo la mafuta. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, lakini baraza lilikuwa kimya na kila neno lilifika. "Unalala ukuta mmoja na mimi. Maji tunateka bomba moja, mlango tunashika mmoja. Kama ni wa kunipa ugonjwa, wewe ndiye utakayenipa, na utanipa ndani, madirisha yamefungwa, hatujasemezana vizuri. Hapa kuna upepo. Una barakoa, nina barakoa. Utanipa mgongo. Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Umejisikia homa?"

"Mume wangu ananipima kila asubuhi kama mtu anayeingia benki."

Mmoja wa wanawake alicheka, safari hii bila kujificha.

"Basi nimeshapima. Kupima si kazi yako peke yako, wala si yangu peke yangu. Ukiona haifai, sema haifai na uende, sitakununia. Ila usiseme kwamba mimi siwezi."

Binti alisimama. Upepo ulimpita, ukachukua pembe ya kitambaa chake. Kukaa pale kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichokifanya katika ule mwaka, na bado hakukaa. Alizifikiria shuka. Alizifikiria kweli, moja moja, hakujidanganya kwamba hazipo. Akafungua kitambaa, akaketi chini mbele ya kiti, mgongo kwa mama yake.

Mwepesi aliweka mikono miwili juu ya kichwa kile na kwa kitambo hakufanya kazi yoyote. Kisha akaanza kuchana, kutoka kwenye ncha kupanda juu, kinundu kimoja kimoja, akimwambia hizi si nywele, huu ni waya wa kuzungushia shamba. Binti akamwambia amlaumu aliyemzaa nazo. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Yalishuka taratibu, na ilikuwa mstari wa tatu au wa nne ndipo Mwepesi alipotambua kwamba analia tena, na kwamba kilio hiki hakikuhitaji kusemeshwa. Akaendelea kusuka. Kidole cha shahada kilikaza, akakinyoosha, kikaendelea.

Hakuna aliyesogea wala hakuna aliyeomba zamu. Mwalimu wa chekechea alipita na mkoba wake, nywele zake zikiwa zimekamilika, mistari ya Chiriku, iliyovutwa mpaka nyusi zikawa na mshangao. Alisimama mbali kidogo, akatazama mikono, akajigusa upande wa kichwa uliokuwa unamuuma. Akauliza hiyo mistari inarudi nyuma au inakwenda ubavuni. Mwepesi akamjibu inakwenda ubavuni. Mwalimu akasema aha, akaendelea na safari. Lakini Chiriku aliacha kuzungumza na mteja wake na kutazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu wa kazi, jinsi mstari unavyogeuka nyuma ya sikio bila kuacha pengo.

Nywele zilikuwa mbaya kuliko walivyodhani. Kuchana peke yake kulikula sehemu kubwa ya mchana, na jua lilipozama nyuma ya posta upande wa kulia ulikuwa umekamilika, mistari myembamba imelala kama imepigwa pasi, na upande wa kushoto ulikuwa bado umesimama wote, kavu, umefura. Macho ya Mwepesi hayakuona tena njia ya kitana.

"Basi kwa leo."

Binti alijipapasa, upande huu, upande ule. "Mama, kesho niko zamu. Nitaingiaje kazini na kichwa hiki?"

"Kwa miguu. Ukitoka njoo moja kwa moja, uoge huko huko kabla. Nimalizie."

Wakakusanya vitana. Kiti Mwepesi alikiacha pale pale, ubavu kwa upepo, akamwambia Chiriku kwamba anakiacha na asubuhi atakikuta. Hakuuliza kama kuna ubaya. Binti aliokota kitambaa chake, akakikung'uta vumbi, akakishika mkononi. Walitoka barazani wakashika barabara ya posta, saa ambayo ofisi zilikuwa zinafungwa na watu wamejaa njiani na barakoa zao, wakipeana nafasi.

Watu waligeuka. Mwanamke wa duka la vyombo, aliyekuwa akifunga, aliacha kufuli linaning'inia. Kijana mmoja wa kuuza soksi, aliyekuwa na wateja wachache na maneno mengi, alimwita kutoka ng'ambo.

"Dada, vipi, msusi kakukimbia nusu njia?"

Binti hakukifunga kitambaa. Alimshika mama yake mkono, na hakupunguza mwendo.

"Msusi huyu hapa," akamjibu. "Ananimalizia kesho."